Doa Kwenye Robota la Wagika

Msimu wa pamba ukianza, nyumba ya Luhende pale Somanda, mjini Bariadi, huamka mapema kuliko nyumba zote za mtaa. Milembe, mkewe, huchemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na kukoroga chai. Luhende hukaa kwenye kigoda mlangoni, akifunga kamba za viatu na kupiga mluzi. Wimbo ni mmoja tu, wimbo wa Wagika. Mtoto wao Maige anaujua wimbo huo kuliko anavyoijua hesabu ya kuzidisha, na mama yake halifurahii jambo hilo.

Ili hadithi hii ieleweke, lazima tuwataje Wagika na wenzao Wagalu. Hivi ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Wengi hufuata chama cha wazazi wao. Baada ya mavuno vyama hukutana uwanjani, kimoja upande huu, kingine upande ule, na vyote hucheza kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi. Watazamaji huhama kwa miguu yao wenyewe, wakaenda kwenye ngoma tamu zaidi. Chama kinachobaki na watu wachache kimeshindwa, na kitataniwa mwaka mzima.

Luhende alikuwa Mgika wa kutupwa. Ukimwambia kwamba Wagalu wanacheza vizuri, alikuuliza kama umepimwa macho.

Yeye na Milembe walifanya kazi katika Kiwanda cha Mhangwa, kiwanda cha kuchambua pamba. Malori yalileta pamba kutoka Sapiwi, Maswa na hata Meatu. Ndani ya kiwanda, mashine zenye misumeno ya duara zilinyofoa nyuzi kutoka kwenye mbegu. Mbegu zilianguka chini. Nyuzi zilipulizwa mpaka kwenye mtambo wa kushindilia, zikatoka zikiwa marobota makubwa meupe. Kila robota lilipachikwa karatasi ngumu yenye namba. Milembe alifagia mbegu. Luhende alikuwa kiongozi wa laini ya kwanza ya mashine.

Msimamizi wa kiwanda aliitwa Machibya. Alizaliwa hapahapa, na alijua vizuri pa kuwakuna watu wake. Kiwanda kilikuwa na laini mbili. Machibya akaweka Wagika laini ya kwanza na Wagalu laini ya pili. Kisha akatangaza kwamba kila Jumamosi, laini iliyotoa marobota mengi itapewa beberu.

Hakuna aliyelazimishwa. Ukweli usemwe, watu walifurahi mno. Waliimba wakichambua. Walikula wamesimama. Wengine hawakunywa maji, maana anayekunywa maji hukojoa, na anayekwenda kukojoa anawapa wapinzani nafasi. Kiwanda kilichotoa marobota themanini kwa siku kikatoa mia moja na kumi. Machibya alipita katikati ya laini akitabasamu kama baba wa harusi.

Afisa wa chama cha wafanyakazi alipokuja kuwaeleza faida ya kujiunga, Machibya alimjibu kwa utani mbele ya watu wote. Alisema watu wake wana vyama viwili tayari, cha tatu ni cha nini? Kiwanda kizima kilicheka. Luhende alicheka kuliko wote.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Kila mashine ilikuwa na kifuniko cha bati, kilichofungwa kwa nati nne. Kazi ya kifuniko ni kuzuia mkono wa mtu usifike kwenye misumeno. Pamba ikikwama, kanuni ni hii: zima mashine, ngoja misumeno isimame kabisa, fungua kifuniko, toa pamba, funga, washa tena. Ni dakika tano au sita. Luhende aliziona dakika hizo kama mwiba kwenye unyayo. Siku moja alichukua spana, akavua vifuniko vyote vya laini ya kwanza, akavirundika nyuma ya ghala. Tangu siku hiyo, pamba ilipokwama, aliingiza mkono ubavuni huku misumeno inazunguka, akanyofoa bonge, akautoa. Ilikuwa ni kufumba na kufumbua.

Hakuogopa, kwa sababu alikuwa na dawa. Mzee Ndalahwa, mtaalamu wa dawa wa Wagika, alimchanja chale kwenye kifundo cha mkono alipoanza kucheza ngoma akiwa na chatu shingoni. Chatu hakumdhuru hata siku moja. Luhende akapiga hesabu yake: dawa inayozuia meno ya chatu itazuia meno ya chuma. Akawafundisha wenzake namna ya kuingiza mkono. Rafiki yake Mabula, kijana wa Sapiwi, alisita. Basi Luhende akampaka dawa kutoka kwenye kibuyu alichopewa na mzee, akamchanja mwenyewe kwa wembe.

Machibya aliona mashine hazina vifuniko. Akatazama pembeni, akaendelea kuhesabu marobota.

Mwezi wa saba, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, misumeno ilichukua vidole viwili vya mkono wa kulia wa Mabula.

Luhende alimvuta, akamlaza juu ya magunia, akamfunga mkono kwa shati lake. Machibya akaita pikipiki impeleke hospitali. Laini ya kwanza ilikuwa imesimama, watu wameduwaa. Kutoka laini ya pili ulisikika wimbo wa Wagalu. Hapo Luhende akasema neno ambalo baadaye angelitoa ng'ombe wake wote ili lirudi kinywani. Alisema, "Endeleeni."

Wakaendelea. Nyuzi zilizorukiwa na damu zilipulizwa pamoja na nyingine, zikashindiliwa ndani ya robota, robota likapewa namba. Jumamosi Wagika walishinda beberu. Luhende alikula ile nyama. Hatutamficha.

Wiki ya pili, Machibya alimpelekea Mabula karatasi iliyosema kwamba aliumia kwa uzembe wake na hana dai lolote. Mabula hakuweza kushika kalamu, akaweka dole gumba la mkono wa kushoto. Kisha akarudi kwao Sapiwi, na kiwandani hakutajwa tena. Luhende alijiambia kwamba lazima Mabula alivunja mwiko fulani, ndiyo maana dawa ilimkataa. Maneno hayo yalimsaidia kulala.

Miezi ikapita. Katikati ya mwezi wa kumi, Machibya alimhamisha Milembe kutoka kwenye ufagio. Alisema mwanamke huyu ana mikono myepesi, anafaa mashine. Akampa mashine ya tatu ya laini ya kwanza. Ndiyo iliyokuwa ya Mabula.

Jioni hiyo, jua bado liko juu ya mapaa, Milembe alikaa mbele ya mume wake uani. Alikuwa na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Akanyoosha mikono yote miwili, ameigeuza viganja juu.

"Baba Maige," alisema, "nichanje na mimi. Kesho naanza."

Luhende alichukua wembe. Akaitazama mikono ile. Ilikuwa na sugu za jembe na za mchi, na kovu dogo la mafuta ya moto karibu na dole gumba. Mikono hiyo ndiyo iliyompokea Maige siku alipozaliwa, mvua inanyesha na mkunga hajafika. Alitaka kuchanja. Mkono wake ulikataa. Akajaribu tena, ukakataa tena. Ndipo alipojua kwamba yeye mwenyewe hakuiamini ile dawa. Kwenye mkono wa Mabula aliweza kuiamini, kwenye mikono hii hakuweza.

"Umeogopa nini?" Milembe aliuliza.

Luhende aliinua macho kutoka kwenye viganja. Kwenye mlango wa uani alikuwa amesimama Jenifer, mpangaji wa nyumba ya pili. Huyu ndiye afisa wa chama cha wafanyakazi aliyechekwa kiwandani. Alikuja kurudisha ungo, akakuta wembe na viganja. Akawasalimu kwa Kisukuma, mwadila, wakaitikia, akakaribishwa kigoda.

Milembe ndiye aliyeeleza, maana Luhende alikuwa ameangalia chini. Alieleza habari za mashine ya tatu, za vifuniko, na za dawa. Jenifer hakucheka dawa. Babu yake alikuwa Mgalu mkubwa, na utotoni alilala akisikia ngoma. Aliuliza swali moja tu.

"Uwanjani, ngoma ikiharibika, kinatokea nini?"

"Tunachekwa," alisema Luhende.

"Na kiwandani?"

Luhende aliweka wembe chini.

Basi Jenifer akaeleza, taratibu, bila kuwafokea. Sheria ya Tanzania inamtaka mwajiri afunike kila sehemu ya mashine inayoweza kumkata mtu. Ni juu yake kuwafundisha wafanyakazi, kuwapa vifaa vya kujikinga, na kuhakikisha kanuni zinafuatwa. Hawezi kusema hakuona. Mfanyakazi naye ana wajibu wake: asivue kinga, na akiona hatari aseme. Akiona hatari kubwa iko mbele yake, anaweza kusimamisha kazi, na asiadhibiwe kwa hilo.

"Sheria hiyo ni ya hapa kwetu tu?" aliuliza Milembe.

"Hapana, mayu," alisema Jenifer, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ni ya dunia."

Akawasimulia kwamba kuna mji unaitwa Geneva, katika nchi ya Uswisi. Huko ndiko makao ya Shirika la Kazi Duniani, lililoanza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kila mwaka karibu nchi zote hukutana huko kuzungumzia kazi. Kila nchi hupeleka watu wa serikali, mtu wa waajiri, na mtu wa wafanyakazi. Mtu wa wafanyakazi ana kiti chake na kura yake. Hukubaliana, na makubaliano yao huitwa mikataba. Mtu asifanyishwe kazi kwa nguvu. Mtoto asifanye kazi ya kumuumiza au kumnyima shule. Mtu asibaguliwe. Wafanyakazi wawe huru kuungana na kuzungumza na mwajiri kwa pamoja. Na mwaka 2022 waliongeza jingine kwenye haki hizo za msingi: mahali pa kazi pawe salama.

Luhende alisikiliza mdomo wazi. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba jasho lake linaishia kwenye geti la Mhangwa. Kumbe kulikuwa na jumba, ng'ambo ya bahari na milima, ambamo watu wa rangi zote walikaa wakijadili mkono wa mtu anayeshughulika na mashine. Alijaribu kuliona jumba hilo, akashindwa. Kifua chake kilijaa kitu ambacho hakukijua jina, kama siku alipoona Ziwa Viktoria kwa mara ya kwanza.

"Hiyo kura," aliuliza, "anapiga mtu kama mimi?"

"Anapiga kwa niaba yako. Lakini hawezi kujua kinachotokea Bariadi kama Bariadi imenyamaza."

Milembe akasema kwamba hata hivyo kiwanda si kibaya. Kiliipa shule madawati, na jina la kiwanda limeandikwa mgongoni mwa kila dawati. Watu waliambiwa kwamba huo ndio wajibu wa kampuni kwa jamii.

"Madawati ni mema, tushukuru," alisema Jenifer. "Ila wajibu wa kampuni unaanzia kwa anayeifanyia kazi. Huwezi kumpa mtoto dawati, halafu ukamrudishia baba yake bila vidole."

Kabla hajaondoka, aliwapa habari moja. Ijumaa kiwanda kitapata mgeni kutoka kwa wanunuzi wa nje. Kuna robota limeleta maswali, na chama chake kimealikwa kusikiliza. Milembe akaamua kwamba mpaka Ijumaa hatagusa mashine ya tatu. Asubuhi alimwambia Machibya kwamba anaumwa mgongo. Luhende alisikia mkewe akidanganya kwa ajili ya mikono yake mwenyewe, akaona aibu, maana neno moja la kweli kutoka kwake lingetosha.

Ijumaa wafanyakazi wote walikusanywa kwenye kivuli cha ghala. Mgeni aliitwa Sylvester. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani, mpole wa sauti. Alisema anatoka Dar es Salaam, na kazi yake ni kufuatilia pamba kwa niaba ya kampuni ya nguo iliyoko Ulaya. Kisha akatoa picha kubwa, akaiinua ili wote waione.

Ilikuwa picha ya robota lililofunguliwa. Katikati ya weupe kulikuwa na doa la rangi ya kahawia, kubwa kama sahani. Pembeni ilionekana karatasi ya namba.

Sylvester alieleza kwamba robota hilo lilitoka Bariadi mwezi wa saba. Lilipanda lori hadi Dar es Salaam, likapanda meli, likafika Bangladeshi kwenye kiwanda cha kusokota nyuzi. Huko mwanamke mmoja, kazi yake kufungua marobota, aliliona doa. Angeweza kuling'oa na kulitupa. Hakufanya hivyo. Yeye mwenyewe aliwahi kuona mwenzake akiumia mashineni, na rangi ya damu iliyokauka aliijua. Akampelekea kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Kiongozi akawaandikia wenye kampuni ya nguo. Kampuni ilikuwa imeahidi hadharani kwamba haitauza nguo zilizotengenezwa kwa kuumiza watu. Ikaisoma ile namba. Namba ikaonyesha kiwanda, tarehe, saa na laini.

"Laini ya kwanza, saa nne na dakika ishirini asubuhi," alisema Sylvester. "Nimekuja kuuliza swali la yule mama. Huyu aliyetoka damu yuko wapi?"

Hata wale Wagalu, watani wakubwa, walisimama kama waliomwagiwa maji. Mwanamke wa nchi ya mbali, asiyejua hata jina la Bariadi, alikuwa ameuliza habari za Mabula. Wao waliokula naye hawakuuliza.

Machibya alikohoa. Akasema kwamba panya huingia sana kwenye pamba, na panya akipita kwenye misumeno hutoa damu. Vifuniko vipo, alisema, vimetolewa kufanyiwa usafi. Akageuka.

"Luhende ni kiongozi wa laini. Mwambie mgeni, Luhende. Si alikuwa panya?"

Watu wote wakamtazama. Luhende aliiona njia iliyo rahisi. Neno moja, panya, na kila kitu kingebaki kilivyo. Jumatatu angeamka, angepiga mluzi wake. Na Milembe angekwenda mashine ya tatu, maana mgongo hauwezi kuuma mwaka mzima. Alimtazama mkewe. Milembe alikuwa amekaa kwenye gunia, mikono ameipakata mapajani, mmoja juu ya mwingine. Hakumwashiria chochote.

"Hakuwa panya," alisema Luhende. "Alikuwa Mabula wa Sapiwi. Vidole viwili. Vifuniko nilivivua mimi kwa spana, tangu mwezi wa sita. Mabula aliogopa kuingiza mkono, nikamchanja dawa mwenyewe. Alipoumia, nikasema tuendelee."

Alitegemea kelele. Alitegemea Wagalu wacheke. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja wa laini ya pili alisimama, akasema kwamba hata laini yao haina vifuniko. Mwingine akasema msimamizi alipita hapo kila siku. Mwingine akasema yeye kikohozi cha vumbi hakijamwacha tangu mwezi wa saba, na hajawahi kupewa barakoa. Maneno yalianza kumwagika kama mbegu kutoka kwenye gunia lililopasuka, na Sylvester akaandika, na Jenifer akaandika.

Machibya alikaa chini. Baadaye alisema, kwa sauti ndogo, kwamba wenye kiwanda walimtaka marobota, na yeye hakuwahi kuulizwa habari za watu. Ilikuwa kweli, na haikumtoa lawamani.

Luhende alimwuliza mgeni kama sasa kampuni itaacha kununua pamba yao. Hiyo ndiyo hofu iliyokuwa kwenye kila kifua, maana kiwanda kikifungwa, nusu ya Bariadi ingelala njaa.

Sylvester akajibu kwamba hapana. Kampuni inayoona ubaya ikakimbia, inawaacha watu na ubaya wao, na wakati mwingine na njaa juu yake. Kampuni yenye wajibu hukaa, husaidia kurekebisha, na hurudi kuangalia. Itaondoka tu kama wenye kiwanda watakataa kubadilika. Akasema pia kwamba wao wanunuzi nao wana kosa. Walitaka mzigo mwingi kwa muda mfupi, na hawakuuliza unapatikana vipi. Watapanga tarehe upya.

Mkaguzi wa serikali wa usalama kazini alifika wiki iliyofuata. Alisimamisha laini zote mbili kwa siku tisa, na mishahara ya siku hizo ililipwa. Vifuniko vilitolewa nyuma ya ghala vikiwa na kutu, vikasuguliwa, vikafungwa. Barakoa zikaja. Watu wakapewa mapumziko ya chakula, wakakaa chini kula. Beberu wa Jumamosi akafutwa. Wafanyakazi wengi walijiunga na chama cha Jenifer, wakachagua kamati yao ya usalama, Wagika watatu na Wagalu watatu. Machibya alibaki, lakini akapelekwa mafunzoni, na sasa kila ajali ndogo lazima aiandike na kuisaini. Luhende alivuliwa uongozi wa laini na kupewa onyo la maandishi. Hakulalamika.

Jambo la Mabula lilimshangaza Luhende kuliko yote. Jenifer alieleza kwamba ile karatasi ya dole gumba haina nguvu yoyote, kwa sababu mtu hawezi kusaini haki yake ya fidia ikafutika. Nchini upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na waajiri ndio wanaouchangia. Mtu akiumia kazini, matibabu na fidia hutoka huko, na wala haulizwi kwanza kama alikuwa mzembe kidogo. Muhimu ni kutoa taarifa mapema, kabla mwaka haujaisha. Mwaka wa Mabula ulikuwa haujaisha. Taarifa ikapelekwa.

Luhende naye alikuwa na deni la safari mbili. Kwanza alikwenda kwa Mzee Ndalahwa kumrudishia kibuyu cha dawa. Mzee alikasirika, ila si kwa sababu ya kurudishiwa. Alisema dawa ile ni ya ngoma, inampa mchezaji moyo mbele ya watu, na nani alimtuma kuipeleka kwenye chuma?

Kisha Luhende akapanda baiskeli hadi Sapiwi. Alimkuta Mabula shambani, akiandaa matuta kwa ajili ya msimu mpya. Jembe alilishika kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia akiusaidia kwa kiganja. Luhende alisimama pembezoni mwa shamba, akasema yote aliyokuja kusema, pamoja na habari za yule mama wa Bangladeshi. Aliomba msamaha.

Mabula alilima hatua tatu nzima kabla ya kujibu.

"Ulisema endeleeni," alisema. "Nilikuwa nimelala kwenye magunia, nilikusikia."

"Nilisema."

"Haya. Shamba ni ekari mbili, na mimi nina mkono mmoja na nusu. Njoo na jembe lako."

Luhende alikwenda Jumapili hiyo, na Jumapili tano zilizofuata. Ya sita, mama yake Mabula aliwaletea uji wote wawili kwenye kibuyu kimoja. Fidia ilipotoka, Mabula alinunua plau na maksai wawili, na mmoja alimpa jina la Bangladeshi. Majirani walimwuliza ni jina la ukoo gani. Akawaambia ni la mama mmoja.

Msimu uliofuata, mwezi wa saba, Milembe alikubali kwenda mashine ya tatu. Hakuna aliyemlazimisha. Alifundishwa wiki mbili, akapewa glovu, barakoa na viatu vigumu. Ubavuni mwa kila mashine kulikuwa kumefungwa kitufe chekundu, kikubwa kama visoda viwili vya chupa. Ukikibonyeza, laini nzima inazimika.

Vitufe hivyo vilikuwa na wiki tatu, na hakuna aliyekuwa amekigusa hata kimoja. Watu waliviogopa. Kuvifunga ni jambo moja. Kusimamisha mashine zote, marobota yanasubiriwa na msimamizi anatazama, ni jambo jingine.

Jumanne, muda mfupi baada ya chai, pamba ilikwama kwenye mashine ya tatu. Luhende alikuwa mashine ya tano, karibu na swichi ya kuwasha laini. Aliona pamba ikijitokeza kwenye ukingo wa kifuniko. Alimwona Milembe akiitazama. Machibya alikuwa anapita katikati, kitabu mkononi. Luhende alihisi kifundo chake cha mkono kinawasha, mahali pa chale za zamani.

Milembe alinyoosha kidole kimoja, akabonyeza.

Ngurumo ilikatika. Kwanza mashine ya tatu, kisha ya nne, kisha zote. Misumeno ilizunguka kivivu, ikapungua, ikasimama. Wagalu upande wa pili walishtuka, wakazima yao kutazama kuna nini. Ukimya mkubwa ukashuka kwenye kiwanda kile, watu wakasikia shomoro wakilia chini ya bati. Wengi hawakuwa wamejua kwamba mle ndani kuna shomoro.

Machibya alisimama. Alifungua mdomo, kwa mazoea. Akaufunga. Kisha akatoa kalamu, akaandika saa.

Luhende hakuwaza marobota. Alikuwa anamtazama mkewe, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha buluu kichwani, amesimamisha chuma chote kile kwa kidole kimoja, na hakuna mtu chini ya paa lile mwenye haki ya kumgombeza. Nyuma ya kidole hicho alimwona yule mama wa Bangladeshi, na watu wa rangi zote kwenye jumba lao la mbali, wameketi. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Milembe hakuwa na haraka. Alingoja mpaka msumeno wa mwisho ulipotulia. Akafungua nati nne, akainua kifuniko, akaingiza mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, akatoa bonge la pamba jeupe kabisa. Akaliweka chini. Akafunga kifuniko, akakaza nati moja baada ya nyingine. Halafu akavua glovu, akajipangusa jasho usoni kwa viganja vyake, akamwambia mume wake awashe.